Nilimsugua mwanangu shingo kwa dodoki miezi minne, kumbe haukuwa uchafu. Wazazi na walimu, tuzungumze unene wa watoto wetu

#1 Mama Tabata (mleta uzi)

Habari zenu wanajamvi. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeuandika kwa siku tatu, watoto wakishalala.

Kwa karibu miezi minne nilikuwa namsugua mwanangu wa kwanza shingo kwa dodoki kila Jumamosi. Shingo ya nyuma ilikuwa nyeusi kuliko mwili, ngozi imekuwa nene kidogo, ukiipitisha kidole unaisikia kama kitambaa. Dodoki likishindwa naleta ndimu, ndimu ikishindwa namkaripia kwamba haogi vizuri. Analia, nami nasugua. Siku tumempeleka hospitali kwa kikohozi, daktari akamgeuza amsikilize mgongo, macho yake yakabaki pale shingoni. Akaniuliza hii imeanza lini. Nikaanza kujitetea kwamba mtoto namwogesha. Akasema taratibu: mama, huu si uchafu, hata umsugue mwaka mzima hautatoka.

Akanieleza kwamba mafuta yakizidi mwilini, insulini, ile homoni ya kushusha sukari kwenye damu, inashindwa kufanya kazi yake sawasawa, kongosho linalazimika kutoa nyingine zaidi, na hiyo insulini nyingi ndiyo inayoifanya ngozi ya shingo na makwapa inenepe na kuwa nyeusi. Wakampima sukari, ikaonekana iko sawa. "Bado iko sawa," ndivyo alivyosema. Hilo neno "bado" nililala nalo.

Akapimwa uzito na urefu. Miaka 9, kilo 38, sentimita 133. Unachukua kilo unagawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, yaani 1.33 mara 1.33, inakuja 21.5. Kwa mtu mzima hiyo ni namba nzuri kabisa, na hapo ndipo wazazi wengi tunapodanganyika, tunachukua kipimo cha watu wazima tunampima nacho mtoto. Mtoto anaangaliwa kwenye chati ya umri wake na jinsia yake. Chati ya Shirika la Afya Duniani ya miaka 5 hadi 19 ina mistari: akipita mstari wa +1 uzito umezidi, akipita wa +2 ni unene uliopitiliza. Wangu alikuwa amepita wa pili.

Nilivyorudi nyumbani nikaitafuta kadi yake ya kliniki. Nukta ya mwisho kwenye mchoro ni ya mwaka mmoja na nusu, siku ya chanjo ya pili ya surua. Mchoro wenyewe unakwenda mpaka miaka 5, sisi tuliishia pale. Toka siku ile hadi anafika darasa la nne hakuna aliyempandisha kwenye mizani isipokuwa akiumwa, tena wanampima ili wajue kipimo cha dawa. Miaka yote hiyo mimi mama yake nilikuwa napokea pongezi. "Mtoto ana afya huyu." "Hapa kwenu kuna kula." Shuleni wanamwita Bonge, na mimi nikadhani ni utani wa kumpenda.

Nilipotulia nikachukua daftari nikaandika siku yake ilivyo. Nawaomba na nyie mfanye hivi, maana mimi ndipo nilipofumbuka macho.

Anaamka saa 10:45 alfajiri kwa sababu basi la shule linaanzia kwetu, linampitia saa 11:20. Chai ya maziwa vijiko vitatu vya sukari, mkate na siagi, anakula amefumba macho. Saa 4 mapumziko, ana elfu moja mfukoni. Mchana wali maharage wa shule, wali mwingi, mboga za majani za kuonja. Mwaka wa darasa la nne una mtihani wa upimaji wa kitaifa, kwa hiyo tuisheni saa 9 hadi saa 10:30. Basi tena. Nyumbani saa 12:15 jioni. Kazi za nyumbani, katuni, chakula cha usiku karibu saa 3, kulala saa 3:45. Hesabuni wenyewe: saa saba za usingizi kwa mtoto anayehitaji tisa hadi kumi na moja. Kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye basi ni hatua ishirini. Nilijumlisha dakika zote ambazo mwili wake unatembea kweli kweli tangu asubuhi hadi usiku, sikufikisha 25. Wataalamu wanataka angalau 60 kila siku za kucheza mpaka mapigo ya moyo yapande.

Ile elfu moja nilimuuliza bila ukali, jioni tumekaa barazani, ananunua nini. Akaanza kuhesabu kwa vidole kama anasoma orodha ya sokoni. Maandazi mawili 400. Juisi ya rangi ya kwenye mfuko 200. Krispi 300. Ubuyu 100. Ijumaa wanachanga na mwenzake wananunua soda. Siku tano kwa wiki, na hela natoa mimi.

Soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, sawa na vijiko vya chai tisa. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto wa umri ule hiyo asilimia 10 ni kama vijiko kumi. Chai ya asubuhi imeshamaliza vitatu. Juisi ya rangi bado, maandazi bado.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu, na ndiyo sababu ya uzi: mtoto wa miaka 9 hajachagua kitu hata kimoja kwenye hiyo siku. Hakuchagua saa ya basi, hakuchagua tuisheni, hakuchagua banda lililopo getini, hakuchagua sukari ya chai. Tumepanga sisi, wazazi na walimu, halafu tunamcheka yeye kwa jina la Bonge na kumwambia apunguze kula.

Daktari alinikataza jambo moja kwa mkazo: usimnyime chakula na usimweke kwenye dayati. Bado anakua. Lengo si kumkondesha, ni kuuzuia uzito usikimbie wakati kimo kinapanda, mwili ujipange wenyewe. Na kinachobadilishwa kibadilishwe kwa nyumba nzima, asionekane mmoja anakula kivyake kama mgonjwa.

Hapo ndipo kazi ilipo. Sukari ya chai tulishuka nusu kijiko kila wiki mbili, wote, mpaka tukafika kijiko kimoja, na baba yao ndiye aliyeteseka zaidi. Baba huyo huyo alikuwa na desturi ya kurudi na chipsi kuku usiku, watoto wanaamshwa wale, furaha ya nyumba nzima. Tulizungumza wawili chumbani. Aliumia, kwa sababu kwake yeye, aliyekua analala na uji wa chumvi, kuleta chipsi ni kuonyesha kwamba anawapenda. Sikumlaumu. Sasa analeta matikiti au machungwa, na Jumapili ya kwanza ya mwezi tunakula chipsi wote mezani mchana.

Dada wa kazi naye nilimwita tukakaa tukapanga pamoja, maana yeye ndiye anayepakua. Alikuwa anampakulia mtoto sahani sawa na ya baba, halafu sisi tunamwambia "maliza, usibakishe". Tukanunua sahani ndogo. Anaanza na mboga na maharage, wali unafuata, akitaka kuongeza anaongeza baada ya kupumzika kidogo. Akisema ameshiba, ameshiba, hatumlazimishi. Televisheni inazimwa wakati wa kula, na hii imetushinda mara nyingi kuliko zote. Chakula cha usiku kimerudi saa 1:30, kulala saa 2:30.

Mwaka umepita. Juzi nimempima: kilo 39.5, sentimita 139. Inakuja 20.4. Ameongezeka kilo moja na nusu tu na kimo sentimita sita, ametoka juu ya mstari wa pili. Bado yuko juu ya wa kwanza. Shingo imeanza kurudi rangi yake bila dodoki.

Nitaendelea na habari za shule kwenye bandiko linalofuata. Karibuni kwa michango.

#2 Mzee wa Kigamboni

Pole dada, ila samahani niseme ukweli. Nchi hii kuna watoto wanaenda shule na njaa, wanakunywa maji ya bomba mchana. Nyie wa English medium mnalia watoto wamenenepa? Hii ni shida ya wenye nacho.

#3 Mama Tabata

Mzee wangu, shikamoo. Sijakasirika, hoja yako ina uzito na nilikuwa naifikiria hivyo hivyo.

Udumavu ni mkubwa kwetu kuliko unene, hilo halina ubishi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 umeonyesha asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini haya mambo mawili yanakaa nyumba moja. Mtoto aliyedumaa utotoni mwili wake umejifunza kubana, akija kukutana na mafuta na sukari nyingi baadaye huenda akaweka mafuta haraka. Na ni nani anayekula maandazi na juisi ya rangi kila siku? Si mtoto wa tajiri peke yake. Hicho ndicho chakula rahisi cha getini kwenye shule yoyote, ya serikali au ya binafsi, kwa sababu kinajaza tumbo kwa shilingi mia nne. Mtoto anashiba, damu hana, madini hana, na kiuno kinapanuka.

UNICEF walitoa ripoti Septemba 2025 kwamba kwa mara ya kwanza duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliopitiliza wamekuwa wengi kuliko wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 kwa 9.2. Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini ndiko bado uzito pungufu unaongoza. Mimi nasoma hapo kwamba sisi tuna nafasi ya kuzuia kabla, kitu ambacho Mexico na nchi za visiwa vya Pasifiki walishaikosa.

Na dawa mara nyingi ni ile ile moja. Shule ikipika mchana wali kiasi, maharage ya kutosha, mchicha na ndizi, yule mwenye njaa amepona na wangu amepona.

#4 Mwalimu wa Zamu

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mwaka wa 14 sasa. Mama umenigusa, nami nikiri upande wetu.

Kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba. Ukutani kimeandikwa. Lakini mwezi wa saba ukifika, darasa la nne na la saba michezo inageuka mazoezi ya mtihani, kwa sababu mwalimu mkuu anapimwa kwa ufaulu, hakuna anayemuuliza watoto wamekimbia kiasi gani. Hata mazoezi ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, tunachagua wenye mbio na wenye miguu ya mpira. Wale wazito wanabaki pembeni wanashika nguo na chupa za maji za wenzao. Yaani yule anayehitaji kucheza zaidi ndiye tumempa kazi ya kukaa.

Kuna jambo jingine linaniuma na nimelifanya kwa mikono yangu. Mtoto akichelewa tunamwambia zunguka uwanja mara tano. Akipiga kelele, ruka kichura. Tumewafundisha kwamba kukimbia ni adhabu. Na adhabu nyingine ni kumnyima mapumziko, abaki darasani kuandika. Ukiwaza vizuri, zote mbili zinampeleka mtoto mbali na kucheza.

Nimeacha. Darasani kwangu sasa, kabla ya kipindi cha hisabati, tunatoka dakika kumi na tano. Hakuna mashindano, hakuna jezi, hakuna filimbi. Tunazunguka uwanja, anayetaka kukimbia akimbie, anayetaka kutembea atembee na rafiki yake wakipiga stori. Nilisoma kwamba mwalimu mkuu mmoja wa shule ya St Ninians kule Stirling, Uskoti, alianza hivyo mwaka 2012, kila mtoto maili moja kwa siku, ikasambaa nchi nyingi. Kwetu uwanja ni wa vumbi na nguo zinachafuka, lakini wakirudi hisabati inaingia.

Ombi langu kwa wazazi: mkiona sare ina vumbi msije juu shuleni. Kuna mama alikuja na shati la mtoto mkononi.

#5 Binti Mvita

Assalaam aleikum jamaa. Kwetu Mombasa mambo ni hayo hayo. Mtoto akitoka shule saa tisa yuwapita nyumbani kubadili nguo, yuwaenda chuoni (madrasa), akitoka magharibi mlangoni pa chuo kuna viazi karai, mabuyu, achari na barafu za rangi. Shilingi ishirini yatosha kumharibu. Nyanya yake naye akimwona asema "mwanangu amekonda", ampa kaimati za sukari. Mwezi wa Ramadhani ndio usiseme, sharubati jagi zima. Sasa hapo kwa nyanya mwaingiaje? Mimi ni mke wa mtu, yule ni mama mkwe.

#6 Mama Tabata

Waaleikum salaam dada yangu. Hilo la mama mkwe ni zito, na mimi nimelipitia likizo ya mwezi wa sita.

Nilichojifunza: usiende na neno "unene" kwake. Kwa bibi zetu mtoto mnene ni ushindi, wamezika watoto waliokonda. Ukimwambia mjukuu ni mnene unamwambia hukulea vizuri. Mimi nilimwambia habari ya shingo na insulini, nikamwonyesha. Alikaa kimya sana, akasema babu yao alikufa na mguu mmoja, kisukari. Toka hapo yeye mwenyewe ndiye anayewachemshia mihogo na viazi vitamu badala ya kukaanga, na amewafundisha wajukuu rede na kombolela uani. Jioni nzima wanakimbizana na wale wa jirani hadi adhana, na yeye amekaa kwenye mkeka anawahesabia. Sijawahi kuona mwanangu anatoka jasho namna ile na anacheka.

Mpe bibi kazi ambayo ni yake peke yake. Asijione ameporwa mjukuu.

#7 Mbongo Birmingham

Wakuu, mimi nalea watoto wawili huku Uingereza, niongeze ya huku.

Huku kila mtoto anapimwa uzito na urefu shuleni mara mbili, akiwa na miaka 4 au 5 na tena miaka 10 au 11. Hawasomi namba mbele ya wenzao, mzazi anapelekewa barua. Wazazi wengi barua inawaudhi, mimi pia iliniudhi, lakini nilijua.

Ila niwaambie kitu muhimu ili msiweke matumaini yote shuleni. Hapa hapa mkoa wetu wa West Midlands walifanya jaribio kubwa kwa watoto wa miaka 6 na 7, shule zaidi ya 50. Mwaka mzima: dakika 30 za mazoezi ya ziada kila siku, wazazi wanafundishwa kupika, hata klabu ya Aston Villa ikaingia kusaidia. Matokeo yakatoka 2018, hakukuwa na tofauti ya maana kwenye uzito wa watoto. Shule peke yake haikutosha, maana mtoto akitoka getini mtaa mzima unauza chipsi na soda.

Kilichosogeza mambo ni vitu vya juu ya shule. Aprili 2018 serikali iliweka kodi kwa soda zenye sukari ya gramu 5 na zaidi kwa mililita 100. Makampuni yakapunguza sukari kwenye chupa kabla kodi haijaanza kukatwa. Afrika Kusini nao waliweka ya kwao Aprili hiyo hiyo. Na Amsterdam walichukua jiji zima, shule, wazazi, wauguzi, viwanja, klabu za michezo, shuleni maji ya kunywa badala ya juisi, na kati ya 2012 na 2015 watoto wenye uzito uliozidi walishuka kutoka asilimia 21 hadi 18.5.

#8 Chuma cha Pua

Sisi ukoo wetu wote wanene, babu mnene, shangazi wanene. Hiyo ni damu, huwezi kushindana na damu.

#9 Dokta wa Kata

Mkuu, damu ina sehemu yake kubwa kweli. Kuna watu wamezaliwa na njaa kali kuliko wenzao, na mwili wao unahifadhi mafuta kirahisi. Lakini tangu mwaka 2000 unene wa watoto wa miaka 5 hadi 19 duniani umetoka asilimia 3 hadi 9.4. Damu za koo haziwezi kubadilika ndani ya miaka 25. Kilichobadilika ni sufuria, saa za kulala na mahali pa kuchezea. Mwenye damu ya unene ndiye anayeumizwa kwanza na hayo mabadiliko, kwa hiyo ukoo wako ndio wenye sababu zaidi ya kuanza mapema, tena kuanzia maziwa ya mama miezi sita bila kingine.

Niongeze dalili ambazo ukiziona kwa mtoto mnene usisubiri. Weusi wa shingo na makwapa, ameshaeleza mama. Kukoroma kila usiku na kukata pumzi usingizini. Kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara. Mtoto mnene lakini kimo hakiongezeki, huyo aangaliwe homoni. Na hii wengi hawaijui: mtoto mnene wa miaka 10 hadi 15 akianza kuchechemea na kulalamika goti au nyonga, apelekwe siku hiyo hiyo na asitembezwe. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kimeteleza kwenye nyonga, na maumivu mara nyingine anayasikia gotini. Nimempokea mmoja alikuwa amekandwa goti kwa mafuta ya karafuu wiki tatu.

Shingo ya kusuguliwa kwa dodoki naiona karibu kila mwezi. Mama, huko peke yako.

#10 Mama Tabata

Asante sana dokta. Hilo la nyonga nimelituma kwenye kundi la wazazi la WhatsApp sasa hivi.

Sasa ya shule niliyoahidi. Mbongo amesema kweli, mtoto akitoka getini mtaa unauza. Sisi tuliamua kuanzia pale pale getini.

Kamati ya wazazi ilitaka kumfukuza mama anayeuza maandazi na juisi za rangi. Barua iliandikwa. Niliomba nikaongee naye kwanza. Nikaenda saa 3 asubuhi kabla ya mapumziko, nikakaa kwenye ndoo aliyonigeuzia. Ni mama wa makamo, anasomesha wawili kwa beseni lile. Nikamuuliza kwa nini hauzi matunda. Akanieleza biashara yake vizuri kuliko mtu yeyote wa lishe niliyewahi kumsikia: andazi likibaki leo linauzwa kesho, krispi inakaa mwezi, lakini ndizi mbivu ikibaki Ijumaa, Jumatatu ni ya kutupa, na mtaji wake ni elfu thelathini. Akitupa mkungu mmoja tu, wiki imekufa. Na watoto wanapenda kitu chenye rangi.

Nilirudi kwenye kikao nikasema hatuna haki ya kumwondoa mtu huyu halafu kesho yake aje mwingine na beseni lile lile. Tukakubaliana hivi. Auze machungwa ya kumenywa, vipande vya tikiti, embe la msimu, ndizi, karanga za kukaanga bila mafuta, mahindi na mihogo ya kuchemsha. Anakaa ndani ya geti, kivulini, peke yake, na kuna maji ya kunawa. Ndizi na machungwa yatakayobaki Ijumaa, jiko la shule linanunua kwa bei ya jumla, linawapa wanaobaki tuisheni. Juisi za rangi na krispi aache. Andazi abaki nalo Ijumaa tu, tulishindwa kulitoa kabisa na sioni kama tulikosea.

Wiki mbili za mwanzo alipata hasara, sitaki kuficha. Watoto walikuwa wanatoka getini kwenda banda la ng'ambo. Tukawaandikia wazazi wasiwape hela zaidi ya mia tano. Kisha akaanza kuweka pilipili na chumvi kwenye embe, foleni ikahamia kwake. Sasa anasema anapata karibu sawa na zamani, na mafuta ya kukaangia hanunui.

Jikoni kwa shule tumebadilisha moja tu mpaka sasa: kijiko cha kupakulia. Cha wali kimekuwa kidogo, cha maharage na mboga kimekuwa kikubwa. Mpishi alicheka, lakini anafanya. Huko Japani watoto wanapakuliana wenyewe chakula cha mchana na kula darasani na mwalimu wao, na tangu 2005 wana sheria ya elimu ya chakula. Nilitamani hilo, ila kwa watoto 60 darasani tumeanza na kijiko.

Kuna ubao wa jina la shule barabarani wenye nembo kubwa ya soda. Kampuni ndiyo iliyougharamia. Nimewaomba wenye shule tuchange tupake wetu. Chile tangu 2016 vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi vina alama nyeusi na haviruhusiwi kuuzwa shuleni, na sisi jina la shule ya watoto wetu linasomwa chini ya chupa.

Mizani: Mbongo, hilo la kutosoma namba mbele ya wenzao nakuunga mkono. Mwaka juzi watoto walipimwa paredi, kilo zikatajwa kwa sauti. Wangu alisema tumbo linamuuma akakimbilia chooni. Sasa tumekubaliana wapimwe mmoja mmoja ofisini kwa matroni, kila muhula, namba inakwenda kwa mzazi kwenye bahasha. Na jina la Bonge limepigwa marufuku kwa walimu pia.

#11 Chuma cha Pua

Dada nimekuelewa. Nimempima binti yangu leo. Vipi kuhusu saa ya basi, mmefanikiwa? Maana kwangu mtoto anaondoka saa 11 kamili alfajiri na hapo ndipo naona mzizi wote.

#12 Mama Tabata

Bado. Hilo ndilo gumu kuliko yote. Mwenye shule anasema basi moja linazunguka Tabata, Segerea na Kinyerezi, akiongeza la pili ada inapanda. Wazazi wengine wanataka mtoto aondoke mapema ili nao wawahi kazini, nawaelewa. Tumependekeza njia igawanywe mara mbili, wa mbali waanze wao na wa karibu wafuatwe kwa mzunguko wa pili, na tuisheni ya darasa la nne ipungue iwe siku tatu. Nimeomba pia zile siku mbili zinazobaki uwanja uachwe wazi saa 9 hadi saa 10, mabasi yaegeshwe nje, watoto wacheze wanachotaka.

Kikao ni Jumamosi hii saa 4 asubuhi. Binti yako ametoka ngapi na ana miaka mingapi? Niandikie kilo na urefu, dokta akiwepo atatusaidia kusoma chati. Nitarudi hapa Jumamosi jioni kuwaambia walichoamua kuhusu basi.